Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Makaburi ya Wazee Wetu

 

Katika darsa yetu moja lilizuka neno ambalo hatukuweza kulipitisha kimya. Mtu mmoja, naye ni katika watu wa kununua na kuuza viwanja, alikuja na hoja juu ya ardhi fulani yenye makaburi ya zamani kando ya barabara. Alidai kuwa makaburi hayo hayana jina wala mwenyewe, na kwamba watu wa islahi, wa mbele yao akiwa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ndio waliotufundisha kuwa kaburi si kitu. Basi hapana ubaya pakijengwa maduka. Lililotusikitisha si hoja yenyewe. Lililotusikitisha ni kuwa baadhi ya vijana wetu, wajiitao wafuasi wa Sheikh, waliitikia kwa vichwa. Tulipouliza ni nani katika wao aliyesoma japo ukurasa mmoja wa maandishi yake, hapakunyanyuka mkono.

Kwa hivyo tumeonelea kumweleza Sheikh Al-Amin tangu kuzaliwa kwake mpaka kufa kwake, ili msomaji ajionee mwenyewe kama mtu huyu alikuwa mvunjaji wa makaburi au alikuwa mtu mwengine.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1308 wa Hijra, sawa na mwezi wa Januari 1891, katika ukoo ambao wenyeji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Mazrui walitoka Omani wakaja kuitawala Mombasa kwa jina la Imamu, na baadaye wakaitawala kwa jina lao wenyewe, kwa muda wa miaka mia moja hivi, mpaka Sayyid Said bin Sultan alipoutia mkononi mji mwaka 1837. Wakubwa wao walikamatwa kwa hila wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, wasirudi tena. Waliosalia wengi walihamia Takaungu upande wa kaskazini na Gasi upande wa kusini. Basi mtoto aliyezaliwa katika nyumba hiyo mwaka 1891 hakurithi ufalme. Alirithi vitabu, na alirithi makaburi.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, na ulimi wake haukujua kuogopa. Aliwajadili wakubwa wa Unguja katika mambo ya itikadi, nao walikuwa Ibadhi, na kwa sababu hiyo Sayyid Barghash alimtia kifungoni. Alifariki mwaka 1894, na mwanawe Al-Amin hajatimiza umri wa miaka minne. Twamkumbusha msomaji neno hili kwa sababu huzungumzwa kana kwamba ukali wa Sheikh Al-Amin katika haki uliletwa na magazeti ya Misri peke yake. La. Yalikuwamo nyumbani kabla hajajua kusoma.

Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi na mwalimu wa watu wengi Mombasa. Alipokwisha kupata kwake alilopata, alikwenda Unguja, ambayo zama hizo ndiyo iliyokuwa chuo kikuu cha pwani yote, akakaa mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Masheikh wawili hawa, walioaga dunia wote wawili katika mwaka 1925, walikuwa watu wa tarika na adabu kubwa za masharifu wa Hadhramaut. Mwanafunzi wao hakuifuata njia yao katika kila jambo, lakini heshima ya mwalimu aliishika. Yatupasa kulikumbuka hili sisi wa leo, ambao kijana wetu akisoma vitabu viwili huwaona walimu wake wote wamepotea.

Jambo jipya alilolipata baada ya hapo lilikuja kwa merikebu. Jarida la Al-Manar, lililoanza kuchapishwa Kairo mwaka 1898 na Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh, lilikuwa likifika katika bandari zetu, na Al-Amin alikuwa katika wasomaji wake. Humo alikuta swali lililokuwa tayari moyoni mwake: kwa nini umma huu, uliokuwa mbele, umekuwa nyuma? Jawabu aliloliona ni kwamba Waislamu wameiacha dini yao ilivyo katika Kitabu na Sunna, wakashika desturi wakaziita dini. Na tena wameiacha elimu ya dunia kwa wengine, wakabaki kuwaiga hao wengine katika mavazi na starehe tu, si katika juhudi zao.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, akaipa jina la Sahifa. Msomaji wa leo, mwenye simu mkononi, huenda asiufahamu uzito wa tendo hili. Wanavyuoni wa zama zile wakiandika, waliandika Kiarabu, na watu wa sokoni hawakuandikiwa chochote isipokuwa tenzi. Sheikh Al-Amin alikishika Kiswahili cha Mombasa, kile kile wanachosema wauza samaki na mabaharia na mama zetu majikoni, akakifanya chombo cha kuujadili umma habari zao wenyewe. Wala hakuwapaka mafuta. Aliwakaripia kwa uvivu wao wa kuwaachia wageni kazi na biashara. Aliwakaripia kwa israfu ya harusi na matanga, ambako mtu hukopa kwa riba ili kulisha watu siku ya msiba wake, kisha nyumba ikauzwa na watoto wakabaki njiani. Aliwahimiza wasomeshe watoto, wa kiume na wa kike, na aliyaona masomo ya kisasa kuwa haja ya lazima madhali dini imetangulia kifuani.

Mwaka 1932 alianzisha gazeti jengine, Al-Islah, lenye Kiarabu na Kiswahili pamoja. Humo alizitazama pia nchi nyengine za Waislamu, akiwaonyesha watu wa pwani kuwa maradhi yao si yao peke yao. Gazeti hilo halikuishi sana, kwani mwaka ule ule alitiwa ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokufa nacho. Wako waliomlaumu kwa kuipokea kazi ya serikali ya Kiingereza baada ya maneno yake makali ya Sahifa. Sisi twaona kuwa aliyejua jinsi mirathi za mayatima zilivyokuwa zikiliwa hakuwa na haki ya kuikimbia mahakama. Lakini hatukatai kuwa kalamu ile ya gazeti ilinyamaza, na ilikuwa hasara.

Sasa tuje kwenye makaburi.

Ni kweli kuwa Sheikh Al-Amin aliyapinga yaliyokuwa yakifanywa makaburini. Alifundisha kuwa maiti haombwi, bali huombewa; kwamba nadhiri ni ya Mwenyezi Mungu peke yake; na kwamba kumtaka aliye chini ya udongo akuletee mtoto au akuondolee maradhi ni kumpa mja haki ya Muumba. Hakuwa akipiga vita kitu cha kuwaziwa tu. Hapo hapo Mombasa, Mbaraki, upo mnara wa mawe ya matumbawe wa urefu wa mita 14 hivi, wa tangu zama za mwaka 1700 au karibu yake, kando ya msikiti uliokuwa gofu, nao hunenwa kuwa ni kaburi la shehe wa Changamwe, moja katika Thelatha Taifa. Mahali hapo watu walikwenda na ubani na marashi kuwaomba mashetani, msikiti ukiwa kando yao. Hayo ndiyo aliyoyakataza Sheikh, na sisi twayakataza mpaka leo.

Lakini kukataza kuliomba kaburi si kuhalalisha kuliuza. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kaburi lisijengewe wala lisipakwe chokaa. Na katika hadithi ile ile amekataza watu wasilikalie. Mwenye kushika nusu ya kwanza akaitupa nusu ya pili hakushika Sunna, ameshika faida yake. Tena imepokewa kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Wanavyuoni wa Shafii, ambao Sheikh Al-Amin ni wao, wamesema kuwa haifai kulifukua kaburi ila kwa dharura madhali mwili haujawa udongo. Na kuwa ardhi iliyowekwa wakfu kwa kuzikia Waislamu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, hata mifupa ikiisha.

Yule bwana wa viwanja alitutolea kisa cha msikiti wa Madina, kwamba mahali pake palikuwa na makaburi, yakafukuliwa. Kisa ni sahihi, ila alikikata kichwa na miguu. Makaburi yale yalikuwa ya washirikina, si ya Waislamu; ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Banu Najjar, naye Mtume aliwataka watamke bei yake kwanza, wakakataa malipo wakataka ya Mwenyezi Mungu; na kilichojengwa hapo kilikuwa msikiti. Anayetaka kukifuata kisa hicho na atuonyeshe basi wenye ardhi waliotoa ridhaa, na msikiti atakaoujenga. Alilotuonyesha lilikuwa ramani ya maduka.

Hapa pana jambo ambalo watu wa islahi yatupasa tulikiri, japo ni chungu. Mafunzo yetu ya kuacha kaburi liwe la udongo, bila kuba wala jina kubwa, ni mafunzo ya haki, lakini yametuacha bila ya ushahidi wa macho. Kaburi la shibri moja, mvua za masika ishirini zikilipitia, hufanana na uwanja mtupu. Zamani halikuwa na khatari, kwa kuwa mtaa mzima ulijua ni nani amelala wapi. Leo mtaa umehama. Na ardhi ya pwani, tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ni ya yule aliyekwenda kuidai na kuandikiwa. Isiyodaiwa na mtu ilihisabiwa kuwa ya Serikali. Maiti hakwenda ofisini kudai. Aliyekuwa na wajibu wa kwenda kwa niaba yake ni walii wake na mtaa wake, nao mara nyengine walikuwa wamelala kuliko yeye.

Mmoja wetu alipata safari ya biashara katika nchi ya Wajaluo, Homa Bay na Migori, akarudi na habari zilizotufaa katika jambo hili. Miji hiyo, tangu ilipokuwa makao ya serikali za kaunti mwaka 2013, imetanuka sana, na majengo ya ghorofa yanapanda mahali palipokuwa na maboma ya watu na mashamba. Lakini Mjaluo humzika mtu wake ndani ya boma lake, na kaburi hilo ndilo hati ya kwanza ya ardhi. Mnunuzi huuliza kaburi kabla ya kuuliza bei. Katika kisiwa cha Rusinga, upande wa Homa Bay, liko kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi Julai 1969, nalo limejengewa nyumba na hutunzwa. Na katika Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji, zenye umri wa miaka mia kadhaa, ambazo mwaka 2018 ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Kujengea makaburi hatukuchukui, wala hatutaki desturi ya kabila yoyote ichukue mahali pa Sharia. Ila tuliona haya. Watu ambao wengi wao si katika dini yetu wanajua makaburi ya babu zao yako wapi, na sisi wenye dua maalumu ya kuwasalimu watu wa makaburini hatujui tusimame wapi tuisome. Naye mwenzetu alisali Kendu Bay pamoja na Waislamu wa Kijaluo, katika mji ambao Uislamu umekuwamo tangu mwanzo wa karne iliyopita. Akatueleza kuwa mava yao hayana kuba hata moja, na hayana duka hata moja.

Turudi kwa Sheikh. Wako wasiojua kuwa mtu huyu, aliyeogopa watu wasiyaabudu makaburi ya wazee, alikaa miaka akiwatafuta wazee hao hao katika waraka na vifua vya watu. Aliandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake, mtawala baada ya mtawala, vita na sulhu, nani alikufa kitandani na nani alichukuliwa baharini. Hakuwahi kuiona ikipigwa chapa. Ilitolewa mwaka 1995 pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Mwenye kuisoma ataona kuwa haikuandikwa na mtu anayewadharau waliokufa. Wala hakuwafanya mawalii. Makosa yao aliyataja, na ugomvi wao wa ndugu kwa ndugu, ambao ndio uliowapotezea mji, hakuuficha. Kwetu sisi hiyo ndiyo ziara ya makaburi aliyoifanya Sheikh Al-Amin: kuwajua waliolala, kuwaombea, na kuchukua mazingatio.

Katika kazi zake nyengine, aliwaandikia watoto vitabu vidogo vya dini kwa Kiswahili chepesi, na madrasa ya Al-Ghazali hapo Mombasa ni katika athari zake. Alianza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, lakini umri haukumngoja. Alifariki Mombasa mwaka 1366, sawa na mwezi wa Aprili 1947, naye ni mtu wa miaka hamsini na sita tu kwa hisabu ya miladi. Mwenyezi Mungu amrehemu na ainawirishe kaburi lake.

Aliyoyaacha yalishikwa na wanafunzi wawili walioizidi sauti yake kufika mbali. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru wa 1963, aliyatoa tena maandishi ya mwalimu wake, na zile makala za Sahifa zikasomwa na vizazi viwili katika kitabu cha Uwongozi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja alimaliza mwaka 1969 tafsiri ya Kurani nzima, akaushika ukadhi mkuu baada ya mwenzake, na akaandika habari za wanavyuoni wa Kishafii wa pwani hii, mmoja mmoja, pamoja na tarehe zao za kufa. Wote wawili walifariki mwaka 1982. Walikuwa wakali mno katika bida za makaburini, pengine kuliko mwalimu wao. Na hapana mmoja katika wao ambaye tunajua kuwa aliruhusu mava ya Waislamu yageuzwe soko.

Makaburi ya ukoo wa Mazrui yako Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, mahali ambapo leo pana ofisi, magari ya watalii na wauza vinyago tangu asubuhi mpaka jua kutua. Ngome, iliyojengwa na Mreno kwa ajili ya kututawala, iliandikwa urithi wa dunia mwaka 2011, na wageni hulipa kuiingia. Makaburi hayalipiwi, na wengi hupita wasijue ni ya nani. Bei ya ardhi ya upande ule mfanyabiashara yeyote anaijua. Hata hivyo hayakuuzwa, kwa sababu wenyewe wapo, wanajulikana, na wangali wakizika humo. Mwezi wa Oktoba 2014 ililetwa kutoka Marekani maiti ya Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufundisha katika vyuo vikuu vya ng'ambo kwa muda wa miaka arubaini. Alikuwa ameusia arudishwe kwao. Akasaliwa, akachukuliwa kwa miguu katika njia nyembamba za Mji wa Kale, akawekwa katika mwanandani baina ya wazee wake, na udongo ukarudishwa. Nje ya ukuta, wauza vinyago walisimama mpaka jeneza lilipopita, kisha wakaendelea na biashara yao.